Ombi la Ukuta wa Matofali Kati ya Cherehani Zetu na Msomaji Wenu

Karakana ya Ushonaji,
Mlango unaofuata baada ya Maktaba.

Kwa Mkutubi Mkuu,
Maktaba ya Mtaa.

Ndugu Mkutubi Mkuu,

YAH: KUJENGEWA UKUTA WA MATOFALI, KUTOKA SAKAFUNI HADI DARINI, KABLA MAMBO HAYAJAHARIBIKA ZAIDI

Ninakuandikia nikiwa na afya njema na hasira ya wastani. Nilipokuja mezani kwako kulalamika kwa mdomo ulinisikiliza kiungwana, kisha ukaniambia kwamba malalamiko ya mdomo hayana pa kuwekwa, niyaandike, nawe utamtuma fundi mwashi aje kupima. Nami nimeandika. Nimetumia karatasi ya kuchorea nguo, na ndiyo maana ukiigeuza nyuma utaona nusu ya suruali. Hiyo suruali si sehemu ya malalamiko.

Kwa faida ya wengine watakaoisoma barua hii, nieleze kwamba jengo letu na lenu lilikuwa ghala moja. Mwenye nalo alipolikata vipande viwili alitumia mbao nyembamba, na hata hizo zikamwishia kabla hajafika juu, akaacha uwazi ambao paka hupita bila kuinama. Kwa miaka mingi jambo hilo halikutusumbua. Maktaba ni mahali pa kunyamaza, na wapiga kelele tulikuwa sisi. Mlikuwa mkitugongea mbao, tunaomba radhi, maisha yanaendelea. Kisha mkamleta Msomaji.

Sijawahi kumwona uso. Namjua kwa sauti tu: ni mwanamke, si mzee wala si kijana, na hukohoa kidogo kabla ya jambo baya kutokea. Kila siku ya kazi, alasiri, anaketi upande wenu na kuwasomea watu kitabu cha hadithi, kitabu kinene kwa jinsi kinavyolia kikiwekwa mezani. Hasomi kama watu wengine wasomavyo. Anaigiza kila mtu kwa sauti yake, wanaume, wanawake, mbuzi, hata mlio wa mlango unapofunguliwa. Ni hadithi ya binti wa mwokaji mikate aliyependana na mpima ardhi, na ya mjomba wake binti huyo asiyetaka wapendane. Nakueleza hadithi ili ulielewe tatizo. Mimi binafsi sisikilizi. Masikio yangu yapo upande huo wa chumba, basi.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kuhusu mpangilio wa kazi.

Cherehani ina kelele, ndugu yangu. Anayeshona hasikii, na anayetaka kusikia hawezi kushona. Mafundi wangu wameutatua mkwamo huu bila kuniuliza. Kazi za cherehani wanazifanya asubuhi, na alasiri ikifika kila mmoja anakumbuka ghafla kwamba ana kazi ya mkono: vifungo, pindo, matundu ya vifungo, kazi zote zisizo na sauti. Katika maisha yangu sijaona watu wakiyapenda matundu ya vifungo namna hii. Asubuhi nayo haitoshi, kwa sababu sehemu kubwa ya asubuhi inatumika kujadili yaliyosomwa jana.

Matokeo yake tunazo nguo zilizomalizika kabla ya kuanzwa. Majuzi alikuja bwana harusi kuchukua koti lake. Tukamtolea sehemu ya mbele, vifungo vimekaa imara, matundu yameshonwa kwa ustadi wa kutia fora, na mgongo wa koti bado uko kwenye jora rafuni. Akauliza atalivaaje. Fundi mmoja akamshauri asigeuke.

2. Kuhusu hisia kuingia kwenye nguo.

Mtu mwenye huzuni huvuta uzi, hilo kila fundi analijua. Akiuvuta, mshono unakunjamana, na hakuna pasi itakayounyoosha. Suruali ya mwalimu mstaafu, mteja wetu wa siku nyingi na mtu mpole kabisa, ilipindwa alasiri ile mpima ardhi alipoagana na binti kando ya tanuri la mikate. Pindo zote mbili zimekunjamana kama uso wa mtoto anayetaka kulia. Mwalimu anaivaa kwa kutuheshimu tu, lakini ameniambia kwamba akitazama chini anajisikia mnyonge bila sababu.

Furaha nayo ina hasara zake. Siku mbuzi alipokula kofia ya mjomba, watu walishona huku wakicheka, na mtu anayecheka hakazi uzi. Gauni lililotoka siku hiyo lilifumuka lenyewe mlangoni, mwenyewe akiwa bado anatushukuru. Tulimfunga kitambaa cha meza, akaondoka kwa upande.

Kisha kuna mpiga pasi wetu, ambaye tunamwita Mvuke. Alasiri ile mjomba alipomdanganya mpima ardhi kwamba binti ameshaolewa, Mvuke aliisahau pasi juu ya shati la harusi. Alama ikabaki mgongoni, pasi nzima, ncha ikielekea shingoni. Tumemsihi bwana harusi asivue koti siku yake hata joto liweje. Kwa bahati mbaya ndiye huyohuyo ambaye koti lake halina mgongo.

3. Kuhusu fundi wa kwenye kitabu.

Katika hadithi hiyo ametokea fundi cherehani. Huyu bwana anamwona binti akipita dirishani, mara moja tu, na bila kumpima anaingia ndani kumshonea gauni la karamu ambalo linamkaa barabara. Msomaji aliisoma sehemu hiyo kwa sauti ya heshima kubwa, na upande wenu nikasikia watu wakiguna kwa kustaajabu.

Hilo ni tusi kwa kazi yetu. Mtu hupimwa mabega, kifua, kiuno, nyonga na urefu, akapimwa tena kwa kuwa mara ya kwanza alibana tumbo, na bado atarudi kulalamika. Nililisema hilo kwa sauti palepale. Nikaambiwa ninyamaze, ndani ya karakana yangu mwenyewe, na watu ninaowaajiri.

Ningemsamehe fundi huyo kama angebaki kitabuni. Lakini siku iliyofuata mwanamke mmoja, ambaye bila shaka alikuwa ukumbini kwenu, alipita mbele ya mlango wetu. Akafika mwisho wa kibaraza, akageuka, akapita tena taratibu, safari hii kwa ubavu. Kisha akachungulia ndani akasema atakuja Ijumaa kulichukua. Nilimfuata mpaka barabarani na futi yangu shingoni. Akakataa kata kata kupimwa, akasema kama kazi siiwezi niseme, nisimpotezee muda.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, ndiye mkata vitambaa hapa. Alisema tusife moyo, tujaribu. Alikuwa amemwona vizuri yule mwanamke, akafumba macho kidogo, akachora, akakata. Ijumaa ilipofika gauni lilimkataa mwenyewe kuanzia mabegani, ila lilimkaa vizuri sana mwanamke mwingine aliyekuwa nyuma yake, ambaye alikuja kubadilishiwa zipu. Sasa wote wawili wanalidai.

Tangu hapo watu wanapita mlangoni kwetu kutwa nzima, wengine wakiinua mikono ili tuone kwapa. Hatujui tena yupi ni mteja na yupi ni mpita njia. Kuna bwana mmoja tumeshamshonea suti kamili, tena imemkaa. Kumbe alikuwa anatafuta duka la viatu.

4. Kuhusu vitendo tusivyoviona.

Wasikilizaji wenu wanamwona Msomaji, sisi tunamsikia tu. Tofauti hii ndugu Mkutubi usiidharau. Hivi karibuni mjomba alimwendea binti kumpa habari kwamba mpima ardhi amezama mtoni, na habari hiyo ilikuwa uongo mtupu, lakini binti hakujua. Msomaji akakohoa kidogo, akaanza rambirambi za mjomba. Upande wetu hali ilikuwa mbaya. Mafundi walikuwa wanafuta macho kwa mabaki ya bitana. Mara ukumbi wenu wote ukaangua kicheko.

Sisi tukabaki na machozi yetu usoni, hatujui tuyarudishe au tuyaache. Ni wazi kwamba Msomaji alifanya kitu, kwa uso, kwa mkono, kwa kukaa, sijui. Nilimtuma Mvuke akachungulie mlangoni kwenu. Alirudi akiwa hawezi kusema kwa kucheka, akajaribu kutuonyesha kwa vitendo, lakini mkono mmoja ulikuwa na pasi ya moto na kila mtu akaingia chini ya meza. Nikamtuma mpwa wangu, kwa kuwa ana akili zaidi. Huyo hakurudi mpaka saa ya kufunga.

Napendekeza kwamba wakati tunasubiri ukuta Msomaji awe anatangaza vitendo vyake kabla ya kuvifanya. Aseme: sasa nainua nyusi, sasa natembea kama mjomba. Hatuombi makubwa.

5. Kuhusu mama yangu.

Hili ndilo lililonileta mezani kwako, hayo mengine ni njia ya kufikia hapa.

Mama ndiye mshona vifungo wetu. Kiti chake kiko palepale kwenye mbao, chini ya ule uwazi, kwa sababu ndipo penye mwanga. Baba alikuwa akishona kwenye cherehani iliyo mkabala naye, na walikuwa wakibishana tangu asubuhi mpaka tunafunga. Walibishana juu ya rangi ya uzi, juu ya chai, juu ya nani ameuacha mkasi wapi. Baba alipofariki Mama alinyamaza. Hakuugua. Alikula, alilala, alikuja kazini, alishona vifungo. Ukimuuliza jambo alitikisa kichwa, na ukimpa habari alisema "mm". Wajukuu walijaribu, majirani walijaribu, mimi nilijaribu mpaka wateja wakadhani naongea peke yangu. Mwishowe tukazoea. Karakana ilikuwa na amani, na mtu aliweza kufikiri.

Amani hiyo mmeivunja ninyi. Nimesema hapo juu kwamba Mvuke aliisahau pasi kwa sababu ya uongo wa mjomba. Nirekebishe. Alasiri ile Mama aliweka sindano chini, akaugeukia ukuta, akasema: "Mwongo huyo. Msimsikilize." Hakuna aliyesogea karakana nzima, na pasi nayo haikusogea. Ndivyo shati lilivyoungua.

Tangu siku hiyo, ndugu Mkutubi, hajanyamaza. Anawasimulia wateja hadithi yote tangu mwanzo, hata waliokuja kwa jambo dogo la zipu, na hawaruhusiwi kuondoka kabla ya mbuzi. Na Mvuke hawasalimiani, kwa sababu Mvuke aliwahi kusema kwamba mjomba huenda ana sababu zake. Wanafanya kazi hatua chache tu kutoka mmoja hadi mwingine na wanaongea kupitia kwangu. Mama ananiambia nimwambie Mvuke kwamba kola imepinda. Mvuke, aliyesimama hapohapo na kola mkononi, ananiambia nimwambie Mama kwamba ameliona hilo.

Mwalimu mstaafu naye yamemfika. Inasemekana sauti yake inafanana na ya mjomba. Mama amekataa kumshonea vifungo mpaka ajieleze. Maskini mzee wa watu aliapa mbele yetu kwamba hana mpwa yeyote wa kike, na siku hizi akija anaongea kwa ishara ili asizue mambo.

Nyumbani ndiko hakusemeki. Chakula kikishaondolewa ananihoji: ningekuwa mimi ndiye mpima ardhi, ningeuvuka mto au ningezunguka? Nikisema ningevuka, anasema sina akili. Nikisema ningezunguka, anasema sina moyo. Majuzi alinitazama kwa muda, akaniuliza mbona siku hizi nimekuwa mkimya, nina nini.

6. Kuhusu binti wa mwokaji kukosa adabu.

Baada ya rambirambi zile, mjomba alimletea binti mchumba mwingine, mwuza chumvi mwenye kikohozi. Msomaji alifika pale binti anapoulizwa kama anakubali, kisha akanyamaza, kama afanyavyo anapotaka watu wateseke. Mimi nilikuwa nimeshika chaki. Nikageuka, nikamwona Mama amepanda juu ya kiti chake, mwanamke wa umri ule, ameshika mbao kwa mikono miwili na mdomo ameupeleka kwenye uwazi. Akasema, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu Baba yuko hai: "Binti, hajafa huyo. Usikubali."

Nikajua sasa tunafukuzwa. Ndipo Msomaji, kwa sauti ya yule binti hasa, laini yenye mafua kidogo ya kulia, akajibu: "Nimekusikia, mama."

Mama alishuka kitini peke yake, akakataa kushikwa mkono. Akashona vifungo vilivyobaki huku akiimba kwa puani. Jioni aliwapigia simu dada zake wote, mmoja baada ya mwingine, kuwaarifu kwamba ameongea na binti, na binti amesikia, na ni mtoto mwenye heshima.

Sasa tazama mlichokifanya. Kitabu kimeshaandikwa, hakina masikio. Siku iliyofuata binti akakubali kuolewa na mwuza chumvi, baada ya kusema mbele ya watu kwamba amesikia. Mama hilo limemuuma sana. Anasema vijana wa leo wanakuitikia vizuri usoni halafu wanafanya watakalo. Alikuwa akimwita "binti yangu", na sasa anamwita "huyo wenu", akinitazama mimi kama kwamba nimemzaa. Nilijaribu kumweleza kwamba binti huyo ni karatasi na wino, hawezi kumkaidi mtu. Akanijibu kwamba hata mimi nilikuwa hivyohivyo, naitikia tu, na kwamba Baba alikuwa akinitetea bure.

Kwa hiyo nina fundi anayemtetea mjomba, mteja anayeogopa sauti yake, mitaa miwili ya watu wanaojipitisha mlangoni, na mama mzazi aliyekosana na mtu asiyekuwepo. Hakuna karakana inayoweza kuendeshwa namna hii.

7. Maombi yangu.

Naomba ukuta wa matofali, mnene, usiopitisha hata kikohozi. Naomba pia, kabla ukuta haujajengwa, binti wa mwokaji amwombe Mama radhi, na aombe kwa sauti, kwa sababu Mama anajifanya hasikilizi tena na amegeuza kiti, ingawa kitini hatulii. Naomba mjomba aadhibiwe mapema iwezekanavyo, maana Mvuke ameanza kuvimba kichwa. Mwuza chumvi apate safari ya ghafla, asidhurike, hana kosa. Fundi mwashi afanye kazi asubuhi tu, kwa kuwa nyundo zake za alasiri zingewasumbua wanaosikiliza, ambao mimi simo. Na matofali yasianze kupangwa kabla hatujajua kama mpima ardhi aliuvuka ule mto au alizunguka. Nauliza kwa ajili ya wenzangu.

Mkishindwa kabisa kujenga, basi mwambieni Msomaji asome kitu kisicho na watu ndani yake. Mnazo taratibu za kuazima vitabu, zimebandikwa pale mlangoni. Azisome hizo. Ingawa nina hofu kwamba kwa sauti ile hata kifungu cha kuchelewesha vitabu kitatutoa machozi.

Nafikiri nimeeleweka. Wasalimie wafanyakazi wote wa maktaba, na mlinzi wa mlangoni aliyemruhusu Mvuke kuchungulia akiwa na pasi. Wasalimie wasikilizaji wa safu ya mbele, wanaocheka kabla ya wakati. Msomaji msalimie pia, ila kwa ubaridi kidogo. Mjomba usimsalimie.

Ni mimi jirani yako wa upande wa pili wa mbao,
Fundi Mkuu,
Karakana ya Ushonaji.

Nyongeza, baada ya kutia sahihi:

Barua hii ilikuwa bado juu ya meza ya kukatia, natafuta bahasha itakayoitosha, wakati fundi mwashi uliyemtuma alipoingia jana asubuhi. Ni mtu mwema. Akakunjua futi yake ya chuma, akaanza kupima. Mama akamuuliza anapima nini. Akamweleza kwa fahari kwamba ni ukuta wa matofali, na kwamba ukiisha hata ngoma ikipigwa upande ule haitasikika huku.

Mama akasema "mm".

Alasiri Msomaji alisoma kama kawaida. Mama alishona vifungo. Hakutazama ukutani, hakumsahihisha mtu. Jioni nilimuuliza habari za binti, akatikisa kichwa. Nikamuuliza mjomba je, akasema "mm". Mvuke alikuja mwenyewe, bila kupitia kwangu, akasimama mbele ya kiti chake na kofia mkononi, akamwambia kwamba amefikiri na ameona mjomba ni mwongo, na alikuwa mwongo tangu mwanzo. Hakumjibu. Ndugu Mkutubi, niliogopa. Sijui namna nyingine ya kuliandika. Ile "mm" naijua, nimeishi nayo, na hapo juu nimeandika kwamba ilikuwa amani. Haikuwa amani.

Kwa hiyo yote niliyoyaandika yahesabu kama kile kilicho nyuma ya karatasi hii, nusu ya suruali tu. Usijenge. Leo asubuhi na mapema tumezing'oa mbao zilizo karibu na kiti cha Mama, na aliyezing'oa ni fundi mwashi wako, kwa kuwa ndiye mwenye nyundo. Tumepata nafasi ya mtu kupita na kiti chake. Utanisamehe kwa mbao zako. Tutakushonea pazia, na pazia hilo litakuwa na vifungo bora kuliko pazia lolote ulilowahi kuona.

Fundi mwashi usimtafute, yuko kwetu. Alifanya kosa la kuuliza mjomba ni nani. Mama anamsimulia tangu mwanzo, na hawajafika hata kwa mbuzi.

Mwambie Msomaji kwamba siku akichoka kukaa upande wenu, upande wetu pana nafasi. Cherehani ya Baba imesogezwa pembeni. Sikusema mimi isogezwe, alisema Mama, na alinigombeza njia nzima kwa jinsi nilivyoishika.

Ombi moja tu ndilo linalobaki, lile la binti kuomba radhi. Aombe leo hii alasiri. Mama atajifanya hasikii, lakini aendelee.